Shina Lililokatwa kwa Kisu

Pili alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele uani. Hakuzunguka. Alinisalimia shikamoo, akaniuliza mguu unaendeleaje, kisha akasema, "Dada, mama ametutoka. Tumemzika juzi. Arobaini utakuja?" Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikarudi kwenye ungo wangu na kuendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshakuwa safi. Nilipepeta mpaka jirani akaniuliza kama kuna sherehe. Nilitaka kumjibu kwamba aliyefariki ni mwanamke aliyenifundisha kazi yangu yote, na kwamba nilimlipa kwa kumharibia jina. Nikamjibu kwamba nimefiwa na mama mmoja wa huko mlimani, basi, akanipa pole na kwenda zake.

Hapa mtaani kwetu, Morogoro mjini, mimi ni mtu wa majani. Mtu akiona mmea umeota nyuma ya choo chake na haujui, ananiletea tawi. Mama akitaka kujua kama mchicha pori aliouokota unaliwa, anampa mtoto aniletee. Ninachofanya kila mara ni kile kile: navunja shina kwa ukucha, nasugua jani kati ya vidole viwili, nanusa, ndipo natazama. Watu husema mama huyu kasoma. Nami huwaacha waseme hivyo, maana nimezoea kuwaacha watu waseme. Ukweli ni kwamba chuoni hakuna aliyenifundisha kunusa. Kunusa nilifundishwa katika mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, mwaka wa ukame na unga wa njano wa msaada, katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa kwenye barabara ya kwenda Matombo. Jina la kijiji sitalitaja. Wapo watu pale ambao hawajanikosea kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, na nilitumwa kule kuorodhesha mimea inayoliwa na ile ya hatari. Nilipewa kijitabu cha Kiingereza cha kutambulia mimea, fremu mbili za mbao za kukaushia majani, rundo la magazeti ya zamani, na kisu kidogo cha kukunja chenye mpini wa mfupa, ambacho nilikipenda kuliko nguo zangu. Wanakijiji walikuwa wameteremshwa kutoka mlimani mwaka uliotangulia, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na nyumba zao bado zilinuka udongo mbichi. Nilipangiwa nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane wa makamo aliyekuwa na binti mmoja wa miaka kumi na miwili, huyo Pili. Chumba changu kilipakana na jiko. Ukuta wa fito na udongo ulikuwa haujafika kwenye paa, kwa hiyo moshi ulikuja kwangu bila kubisha hodi, na maneno pia. Nilijua wanapika nini kabla hawajaniita, nikajua pia wanavyonisema. Jioni ya kwanza nilimsikia Bi Mwanaidi akimwambia mwanawe kwamba mgeni anakula kama ndege, ugali wa unga wa njano umemshinda, kesho atafutiwe mboga ya kuuteremshia.

Kesho yake tulikula mnavu uliopikwa kwa karanga, na ule ugali mkavu ukapita. Niliuliza ametoa wapi mnavu katika ukame ule. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mnavu upo. Walioteremka wameacha macho yao huko juu." Ndiyo sababu halmashauri ya kijiji ilimpa jiko la shamba la ujamaa. Watu zaidi ya sitini walilima pamoja siku tatu kwa wiki na kula pamoja mchana, na yeye aliweza kujaza kikapu mahali ambapo wengine waliona magugu tu. Tangu siku hiyo nikawa namfuata. Tulitoka umande haujakauka, yeye mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma na kijitabu mkononi, Pili katikati akitucheka wote wawili.

Kijitabu changu kilikwenda kwa maswali. Je, majani yameota mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupishana? Ukingo wa jani ni laini au una meno? Shina lina pembe au ni la mviringo? Kila jibu lilikupeleka kwenye swali jingine, mpaka mwisho ukafika kwenye jina. Niliona ni kitu cha ajabu, mlango unaofungua mlango, na nilijiona mkubwa kila nilipofika mwisho. Bi Mwanaidi alisubiri kwa adabu nikipekua kurasa, kisha akasema jina la mmea kabla sijafika nusu. Njia yake ilikuwa fupi. Alibana kikonyo kwa ukucha wa kidole gumba, akavunja, akasugua, akanusa. Ukucha ukipita bila kukwama, mboga ni laini. Utomvu ukiwa mweupe, simama kwanza. Harufu ikikukataa, tupa. Macho yalikuja mwisho kabisa. Aliniambia macho hudanganywa, hasa mmea ukiwa mchanga, kabla haujatoa ua, kwa sababu watoto wote wanafanana. Niliandika maneno yake kwenye daftari, tena kwa mwandiko mzuri. Kuyaandika niliyaandika.

Ila sikutaka kuchuma kwa ukucha. Utomvu wa mnavu huacha weusi chini ya kucha ambao hautoki kwa sabuni, na mimi nilikuwa msomi, Jumapili nilishuka mjini kusali, na wenzangu wa chuo wangeniona. Kwa hiyo nilichuma kwa kisu changu. Nilikata mashina kwa mshazari, safi kabisa, mikono yangu ikabaki mikavu. Bi Mwanaidi aliniambia mara mbili niache. "Kisu hakikwambii kitu, mwanangu. Kucha inakwambia." Nilisema ndiyo mama, nikaendelea kukata. Leo najua kwamba yote yaliyofuata yalikuwa ndani ya jambo hilo dogo, kwamba niliona aibu ya kucha chafu. Nimewahi kusikia watu wakisimulia makosa yao makubwa kwa fahari fulani, vita, mapenzi, hasira. Langu ni la kucha.

Siku yenyewe ilikuwa ya shamba. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida kwa sababu kulikuwa na mgeni kutoka wilayani, na kikapu cha Bi Mwanaidi kisingetosha. Nikajitolea. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye zizi la zamani, mahali penye samadi, nikakuta machipukizi mengi, mabichi na manene, katikati ya kiangazi. Nilifungua kijitabu. Majani moja moja, ndiyo. Jani moja lisilogawanyika, ndiyo. Ukingo wa mawimbi, ndiyo. Ua hakuna, tunda hakuna, kwa hiyo swali lililofuata nikaliruka, na kijitabu kikanifikisha kwenye ukoo wa mnavu. Kwa ukoo hakikukosea. Hakikuwa na swali la harufu. Nilikata nusu kikapu kwa kisu changu, nikarudi mbio na kumwaga kwenye ungo wa jikoni, juu ya mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Bi Mwanaidi alikuwa ameitwa na mwenyekiti kumsalimia mgeni. Aliporudi maji yalikuwa yanachemka, na wasaidizi wa jikoni walikuwa wameshatia sehemu kubwa ya ungo kwenye sufuria.

Mimi sikula. Niliketi na mgeni wa wilaya, na sisi tulipikiwa kuku. Alasiri watu walianza kulalamika kinywa kikavu. Mzee mmoja alisimama akaanza kuokota vitu hewani, kimoja kimoja, na kuvitia mfukoni kwa uangalifu. Wasichana wawili walicheka bila kukoma, nyuso nyekundu, mboni za macho zimetanuka mpaka macho yao yakaonekana meusi yote. Mama mmoja alimkemea mumewe aliyekuwa amekufa miaka mingi. Wengine walisema ni mashetani ya mlimani yamewafuata chini, wengine wakasema kuna mtu ametia mkono wake. Waliougua walikuwa kumi na moja, walipelekwa mjini kwa gari la mgeni kwa safari mbili, na wote walirudi wazima. Hakufa mtu. Nimejifariji kwa maneno hayo mawili kwa maisha yangu yote, na hayajawahi kunitosha.

Asubuhi katibu wa kijiji akaniita ofisini. Palikuwa na meza iliyotiwa kigae chini ya mguu mmoja, mhuri, na daftari la mahudhurio ya shamba. Juu ya meza waliweka ungo wenye mboga zilizobaki bila kupikwa, zimenyauka. Mwenyekiti alikuwapo, na Bi Tabu, kiongozi wa akina mama, mwanamke wa sauti kubwa. Katibu akasema, "Bibi Shamba, wewe ndiye msomi wetu. Hili ni jani gani?" Nikachukua shina moja. Safari hii nilisugua, nikanusa, na harufu ile nzito ya kuudhi ikanipanda kichwani, nikajua. Nikageuza shina, nikaona mwisho wake: limekatwa kwa mshazari, safi, kama nilivyokata mamia ya mashina kwa ajili ya fremu zangu. Nikaufunika mwisho ule kwa kidole gumba.

"Ni mnanaha," nikasema. "Ni sumu, na ukiwa mchanga unafanana na mnavu."

"Umeingiaje kwenye sufuria yetu?"

"Mboga zote zilitoka jikoni kwa Bi Mwanaidi."

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Nimeipitia mara nyingi nikilitafuta, ili angalau niwe nimesema uongo kama watu wengine wanavyosema. Bi Tabu aliguna, akasema yeye alijua, mtu anayepata mboga wakati wenzake hawapati lazima awe na lake. Katibu aliandika. Nikaomba shina moja kwa ajili ya kumbukumbu za chuo, wakanipa, tena wakanishukuru.

Alasiri ile nilijilaza chumbani nikijifanya naumwa kichwa. Upande wa pili wa ukuta nilisikia mwiko ukigonga sufuria, kisha sauti ya Pili, ya chini lakini haikuwa ya chini vya kutosha. Alisema mashina yale yamekatwa kwa kisu, ameyaona kwenye ungo kabla hawajayachukua. Mama yake akajibu kwamba na yeye ameyaona. Pili akasema, "Wewe huchumi kwa kisu, mama. Kwa nini husemi?" Mwiko ukanyamaza. Bi Mwanaidi akasema, "Yule ni mtoto wa watu, amekuja kusoma. Nikimsema mimi, watamfukuza. Akijisema mwenyewe, watamsamehe. Ngoja aseme." Kisha akaniita nikale. Nikatoka, nikanawa, tukala ugali wa unga wa njano na maharage watu watatu katika sahani moja, na hakuna aliyesema. Aliniwekea maharage upande wangu, kama kila siku.

Basi alingoja, na mimi nilikuwa na miezi mitano mbele yangu ya kusema. Kila asubuhi niliamka nikiwa na maneno tayari, na kila asubuhi nilipata sababu. Ripoti yangu haijakamilika. Mwalimu wangu anakuja wiki ijayo. Sasa imepita siku nyingi, nikisema wataniuliza nilikuwa wapi. Bi Mwanaidi walimtoa jikoni. Watu walipokosa mboga walimrudisha, lakini kwa sharti: kila alichochuma kimwagwe hadharani, naye achambue jani moja moja huku Bi Tabu ameketi mbele yake akitazama mikono. Nilipita pale kila siku nikienda kwenye fremu zangu. Mwanamke ambaye vidole vyake vilijua mimea kuliko chuo kizima alichambua kama mtoto anayefanyishwa mtihani, na hakuinua macho kunitazama, ambalo lingekuwa jambo rahisi sana kwake. Watoto wa kijiji wakampa jina. Wakamwita Bi Mnanaha. Mwanzoni waliliita wakikimbia, baadaye waliliita wakitembea.

Kuna jingine, nalo ni baya zaidi, maana nililifanya kwa kalamu, bila mtu kuniuliza. Mwisho wa mwaka nilipeleka chuoni karatasi mia mbili na kitu za mimea iliyokaushwa, kila moja na kibandiko chake: jina la mmea, mahali, sifa za jani na shina, mkusanyaji. Karibu zote alizipata Bi Mwanaidi. Yeye ndiye aliyeniongoza mpaka mtoni, akaniambia lipi linaliwa, lipi linatapisha, lipi linaogwa na mzazi. Kwenye vibandiko vyote niliandika jina langu. Nilipofika kwenye lile shina la mnanaha, kalamu ilisimama. Kisha, mahali pa mkusanyaji, nikaandika: Bi Mwanaidi. Katika kazi yote ile, jina lake liko kwenye karatasi moja tu. Mwalimu alinipa alama za juu, akasema nina jicho.

Miaka ikaenda. Nilifundisha, nikaolewa, nikastaafu. Kila Idi nilimpelekea Bi Mwanaidi khanga kwa basi, na kila mara nilipata salamu kwamba imefika na anashukuru. Sikwenda. Pili tulikutana sokoni Morogoro akiwa mama wa watoto wanne, akanikumbatia, akaniita dada, tukapeana namba. Hakunikumbusha kitu. Mara moja tu, nilipomsifia mama yake kwa kunifundisha, alisema, "Anakuulizia kila mara utakuja lini," akabadilisha mazungumzo. Nilielewa anachouliza. Nilimwambia mguu unanisumbua, na wakati ule mguu wangu ulikuwa mzima kabisa.

Baada ya simu ile nilikuwa na siku arobaini pungufu, na nilizitumia vibaya karibu zote. Wiki ya mwisho nilikwenda chuoni. Kijana wa chumba cha mimea iliyokaushwa alinipokea kwa heshima nisiyostahili, akanitolea karatasi. Shina lilikuwa la rangi ya chai, majani yamesinyaa, lakini mwisho wake ulionekana kama jana, mkato wa mshazari, safi. Nikamwambia nataka kufuta jina la mkusanyaji. Akasema kwa upole kwamba kibandiko cha kwanza hakifutwi. Kinachoruhusiwa ni kubandika kingine chini yake, chenye tarehe. Nikaandika kwamba mmea huu ulikatwa na mimi, kwa kisu, nikidhani ni mnavu, na kwamba Bi Mwanaidi hakuwapo. Kijana alisoma, akanitazama, akapaka gundi.

Siku ya arobaini nilishuka kwenye gari pale barabarani, nikakuta mistari ya nyumba imevurugika, kila mtu amejenga anakotaka. Nikamuuliza kijana wa bodaboda nyumba ya marehemu Bi Mwanaidi. Akafikiri, akatikisa kichwa. Kisha uso ukamkunjuka. "Aa, kwa Bi Mnanaha! Panda, bibi, nikupeleke." Hakukuwa na dhihaka yoyote katika sauti yake. Alidhani ndilo jina lake.

Kisomo kilikuwa kimekwisha na wanaume walikuwa wakila barazani. Nikapitiliza uani, kwenye jiko la akina mama. Walikuwapo kama kumi na watano, wakimenya, wakiosha, wakichambua. Bi Tabu nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Sasa ni kikongwe, ameketi kwenye mkeka na fimbo pembeni. Nikampa shikamoo. Pili alitoka jikoni, mikono ina unga, akanitazama muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Nikamwambia nimekuja kusema. Nilidhani atanivuta chumbani, na nakiri nilitumaini hivyo. Akasema, "Mambo yalitokea jikoni, dada. Yaseme hapa hapa."

Nikasema. Nilisimama katikati ya masufuria nikaeleza kisu, zizi la zamani, ungo, kidole gumba, na kwamba niliyasikia maneno ya Bi Mwanaidi kupitia ukutani na bado nikanyamaza. Wengi wa wanawake wale walikuwa hawajazaliwa wakati ule. Walinisikiliza kama watu wanavyosikiliza habari za watu wengine, mmoja akainama kupuliza moto. Mabinti wawili walitazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo, kwani Bibi jina lake lilikuwa nani. Pili akamwambia.

Bi Tabu aliishika fimbo yake. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyewekwa kumtazama mikono. Miaka miwili. Sikuona jani baya hata moja." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. Hakusema amenisamehe, na hakuna mwingine aliyesema. Pili aliingia ndani, akarudi na ungo uliojaa mnavu, akauweka chini mbele yangu.

"Huu haujachambuliwa," akasema.

Nikapiga magoti kwa shida, mguu ukauma. Nikachukua shina la kwanza, nikalivunja kwa ukucha, nikasugua, nikanusa, nikaweka pembeni. Nikachukua la pili. Bi Tabu aliuvuta mkeka wake karibu, akaketi mbele yangu, akaanza kuitazama mikono yangu.